Mshipa Uliopita Nyuma ya Umio

Leo tunataka kuzungumza juu ya mtu ambaye chakula hakimpiti. Twamjua mtu huyu, maana yumo katika makanisa yetu. Huketi pamoja nasi kwenye karamu ya arusi, hupewa sahani ya wali na nyama, naye akiisha kula vijiko viwili au vitatu husimama akaenda nje. Wengine husema ana maringo. Wengine hunong'ona ya kwamba amelishwa kitu, na hapo ndipo huanza kupelekwa huku na huku, leo kwa mganga, kesho kwa mwombeaji amkemee pepo wa koo. Sisi twasema aombewe, naam, lakini aende na hospitali pia. Luka, rafiki yake Paulo, alikuwa tabibu.

Hapa kwetu Eldoret, na kandokando yake kote, Nandi, Elgeyo mpaka Bomet, koo lisilopitisha chakula ni jambo la kuogopesha kweli. Saratani ya umio, yaani ya ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni mpaka tumboni, ni nyingi katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya kuliko mahali pengi duniani, tena imewapata hata vijana. Kwa hiyo mtu akiona ugali unakwama hukata tamaa mara moja, akajificha nyumbani. Lakini si kila umio uliobanwa umebanwa na saratani. Hebu tueleze sababu moja ambayo wengi hawajapata kuisikia. Yenyewe haitoki katika umio; inatoka karibu na moyo.

Moyo hutoa mshipa mmoja mkubwa wa damu uitwao aota, mnene kuliko kidole gumba. Mshipa huu hupanda juu kidogo, ukapinda kama mpini wa bakora, kisha ukashuka kuelekea tumbo. Pale penye pindo hutoa matawi. Kwa kawaida tawi la kwanza huenda upande wa kulia, nalo hugawanyika, damu nyingine iende mkono wa kulia na nyingine kichwani. La pili hupanda kichwani upande wa kushoto. La tatu huenda mkono wa kushoto. Sasa, kwa watu wengine mshipa wa mkono wa kulia hautoki pale mwanzo. Hutoka mwisho wa wote, huko kushoto, baada ya ule wa mkono wa kushoto. Nao kazi yake haikubadilika: lazima uufikie mkono wa kulia. Basi hukatiza kifua kurudi upande wake, na mara nyingi, yapata watu wanane katika kumi wenye hali hii, hupita nyuma ya umio. Kwa wengine hupita kati ya umio na bomba la pumzi, na kwa wachache mbele ya vyote viwili. Umio ni laini. Mshipa ukiwa nyuma na bomba la pumzi likiwa mbele, umio hubaki katikati kama mtu aliyeketi kati ya wanene wawili ndani ya matatu.

Jambo hili huanza tumboni mwa mama, kati ya juma la nne na la nane hivi, wakati mishipa ya mtoto inapojengwa. Mingi hujengwa miwili miwili, kisha mingine hunyauka. Ikinyauka sehemu iliyopasa kubaki, mshipa wa mkono wa kulia hushika njia nyingine. Mama hakuvunja mwiko wowote, wala hakula kitu kibaya. Hali hii huonekana zaidi kwa watoto wenye ugonjwa wa Down, lakini wengi walio nayo hawana ugonjwa huo.

Je, ni watu wangapi? Yapata mmoja katika mia. Kanisa likijaa watu mia tatu, huenda watatu wanao mshipa wa namna hii, na wengi wao watazikwa wazee bila kujua. Haudhuru kitu. Ila kwa wachache huleta taabu. Mtoto mchanga aweza kupumua kwa kelele na kupaliwa anyonyapo. Mtu mzima aweza kukaa miaka arobaini au hamsini bila shida, kisha mishipa inapoanza kuwa migumu kwa umri, nyama na ugali huanza kukwama nyuma ya kifua.

Daktari mmoja wa Uingereza, David Bayford, aliandika habari ya mama aliyetaabika kumeza kwa miaka mingi mpaka akakonda na kufa. Walipoupasua mwili wake waliuona mshipa umepita mahali pasipo pake. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1794. Bayford aliuita mchezo wa maumbile, jina ambalo mama yule, tunadhani, asingelipenda. Mwaka 1936 Kommerell wa Ujerumani aliutambua katika mtu aliye hai kwa picha ya eksirei, na mwaka 1946 Robert Gross wa Boston akaeleza jinsi ya kuutibu kwa upasuaji.

Siku hizi mgonjwa hunyweshwa dawa nyeupe ya bariamu na kupigwa picha, na umio huonekana umebonyezwa kwa nyuma. Picha ya kompyuta huonyesha mshipa wenyewe. Wenye taabu ndogo huambiwa wakate matonge madogo, watafune sana, wasiharakishe. Upasuaji ni wa wenye taabu kubwa, au wale ambao shina la mshipa limevimba, maana uvimbe huo waweza kupasuka.

Lakini mtu asijipimie nyumbani akasema, "Wangu ni mshipa tu." Saratani huzuia kwanza vyakula vigumu, baadaye uji, mwisho hata maji, na mwili hupungua upesi. Aonaye hivyo asingoje hata juma moja. Hospitali ya Rufaa ya Moi iko papa hapa mjini, na ile ya Tenwek kule Bomet inajulikana sana kwa kazi ya umio. Tena, ile chai tunayoinywa ikichemka: uchunguzi uliofanywa hapa Eldoret umeonyesha ya kwamba wanaokunywa vinywaji vya moto sana hupatwa zaidi na saratani hii. Ipoze kidogo.

Limebaki moja kwa wenye rovu. Neva iendeshayo sauti upande wa kulia kwa kawaida huzunguka chini ya mshipa huu wa mkono kabla ya kupanda kooni. Mshipa ukiwa mahali pengine, neva haizunguki bali hupita moja kwa moja shingoni, na mpasuaji asiyeitazamia aweza kuikata, mgonjwa akabaki na sauti ya kukwaruza. Basi kama umekwisha kupigwa picha ukaambiwa una mshipa huu, mweleze daktari kabla ya siku ya kupasuliwa, na picha zenyewe uende nazo mkononi.