Usiuguse Uzito Unaoning'inia Kitandani mwa Mgonjwa

Mtu avunjikapo mfupa wa paja, misuli hujikaza na kuvuta vipande vyake hata vikapandana, mguu ukafupika. Ndipo daktari hufunga kamba mguuni, akaipitisha juu ya kapi na kuning'iniza uzito. Wa kilo 5 huvuta kwa nguvu ya takriban nyutoni 50. Kitanda huinuliwa upande wa miguuni ili mwili wenyewe uvute upande wa pili. Nguvu hizo zikilingana, mgonjwa hatelezi na mfupa hutulia.

Basi, ndugu uendaye kumjulia hali mgonjwa, usiunyanyue uzito ule kwa huruma. Huo si mzigo wa kumtesa. Ukiuona umegusa sakafu, mwite muuguzi upesi, kwani mvuto umekwisha katika.