Ua lenye kupanda la kwetu: uzuri wake na sumu yake

Ukitembea mu mitaa ya Lubumbashi, utaona kuta mingi za lupango zimefunikwa na bugenvilia. Iko mzuri, hatukatai, lakini ilitoka Amerika ya Kusini. Na sisi tuko na ua letu lenye kupanda, lenye kuota lenyewe mu pori ya miombo. Wanasayansi wanaliita Gloriosa superba. Zimbabwe walilifanya ua la taifa. Kwetu, bantu wanalikanyaga wakienda kuchoma makala.

Utalijua kwa jani: ncha yake inajikunja sawa kamba ndogo, njo inashika fimbo ao ukingo wa lupango na kupanda mpaka karibu metre 2. Ua liko na petali 6 zenye kugeuka nyuma, njano kisha nyekundu, sawa moto unaowaka.

Kulipanda haiko nguvu. Chini liko na kiazi kirefu, mara mingi chenye umbo la V. Chipukizi liko paka ku ncha, basi ukivunja ncha, umekipoteza. Kilaze chini ya udongo, sentimetre 5 mpaka 10, pahali penye jua na pasipotuama maji, mwezi wa 10, mbele ya mvua kubwa. Mbegu nazo zinaota, lakini utangoja miaka.

Sasa neno zito. Muti wote ni sumu, zaidi kiazi na mbegu. Sumu yenyewe ni kolkisini. Waganga wa hospitali wanaitumia kidogo sana kutibu goute. Mutu akikila kiazi, masaa yanaweza kupita kimya, kisha anatapika na kuhara, na anaweza kufa. Usimpe maziwa ukasema imeisha. Mukimbize hospitali paka pale, na ubebe kipande cha muti ule. Mbuzi pia inaiua. Kama lupango iko na batoto wenye kutia kila kitu mu kinywa, sisi tunasema: ngoja kwanza bakomae. Bugenvilia iko na miiba, lakini haiui mutoto.

Kipwa ikifika, majani yote yanakauka, na bantu wanazani muti umekufa. Kiazi kinalala tu, usikinyweshe maji. Acha fimbo palepale, na uonyeshe kila mwenye kulima mu lupango, maana jembe likikitoa, kinafanana sana na chakula.