Chakula cha mtoto ni amana, na kimo humu humu majumbani mwetu

Mara baada ya sala ya Alfajiri, katika msimu wa kilimo, mama wa Nduguti hana muda wa kupoteza. Maji hayajachotwa, jembe linamngoja, na shamba la alizeti au la uwele liko mbali na nyumba. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaamka akilia njaa. Kilicho karibu ni chai ya rangi yenye sukari nyingi na kipande cha andazi la jana. Hupewa hicho, akabebwa mgongoni, na safari ikaanza.

Hatumlaumu mama huyo, kwani haraka yake ni ya kweli. Tunachosema Ijumaa hii ni kwamba chai ile hushibisha tumbo kwa saa moja na haijengi mwili. Uchunguzi wa afya uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyedumaa hakukosa kimo tu. Akili yake nayo hunyimwa haki yake katika miaka ile ile inayojengwa, na miaka hiyo ikipita hairudi.

La kusikitisha zaidi ni kwamba Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, si mahali pasipo na chakula. Mkoa wa Singida unasifika kwa kuku wa kienyeji, mafuta ya alizeti, vitunguu na asali. Mtama, uwele, karanga na kunde ni mazao ya wenyeji. Lakini mara ngapi tumeona mayai yote yakikusanywa na kupelekwa mnadani, na fedha yake ikarudi nyumbani ikiwa biskuti na soda? Tumeuza chakula cha mtoto, tukamnunulia kisicho chakula.

Mezani pa mtoto

Qurani Tukufu, katika Suratul Baqarah aya ya 233, imetaja unyonyeshaji wa miaka miwili kamili kwa anayetaka kuutimiza, na hapo hapo ikamtwika baba jukumu la chakula na mavazi. Wataalamu wa afya nao wanashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi sita, kisha aanzishiwe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Mtoto wa miezi sita hadi minane hula mara mbili au tatu kwa siku, akianza na vijiko viwili vitatu. Kuanzia miezi tisa hula mara tatu au nne, na akipita mwaka mmoja hufikia robo tatu ya kikombe, hata kikombe kizima, kwa kila mlo.

Vyakula tunavyovitaja hapa havihitaji zaidi ya sufuria moja, kinu na mwiko.

Cha kwanza ni uji wa uwele au mtama uliotiwa karanga. Karanga zikaangwe na kutwangwa hadi zilainike, ziwekwe katika chombo chenye mfuniko. Zisisagwe pamoja na nafaka, kwani mafuta yake huuharibu unga upesi. Uji ukishaiva, tia vijiko viwili vya karanga hizo, koroga, na uuache uchemke kidogo. Uwe mzito kiasi cha kubaki kijikoni ukikiinamisha. Uji mwepesi kama maji humjaza mtoto maji.

Ikiwa uji mzito humshinda mtoto mchanga, kuna kimea. Ulezi huloweshwa usiku mmoja, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi uote, kisha huanikwa na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kidogo, baada ya dakika chache uji hulainika bila kuongezwa maji. Kisha urudishwe motoni uchemke tena. Wapo wanaokikwepa kimea kwa kuwa wapika pombe nao hukitumia. Tuwatoe hofu: uji huu hauachwi ukachacha, hunyweka siku ile ile, wala hauna kileo.

Cha pili ni viazi vitamu na yai. Menya viazi viwili, vikate vipande vidogo ili viive upesi, vichemshe na uviponde. Vunja yai humo humo, koroga juu ya moto hadi yai liive kabisa, na umalizie kwa kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti. Kazi yote haizidi nusu saa, na ndizi za kupika zinaweza kushika nafasi ya viazi.

Cha tatu hakihitaji kupikwa peke yake. Jioni familia inapopika ugali, mlenda na kunde, mtoto atengewe fungu lake kabla ya pilipili na chumvi nyingi kutiwa. Kunde zipondwe, ugali ulainishwe kwa mlenda, na juu yake kunyunyizwe kijiko cha unga wa dagaa. Dagaa hao huoshwa, hukaangwa bila mafuta, hutwangwa na kuchekechwa mara moja kwa wiki. Hapo mtoto amepata nafaka, mboga, mikunde na samaki katika kibakuli kimoja.

Cha nne ni wali wa choroko. Zikiloweshwa usiku, asubuhi huiva upesi, na mchele hupikwa humo humo. Katikati ya milo, kipande cha papai au embe lililoiva, au maziwa yaliyochemshwa kwa aliyetimiza mwaka mmoja, ni bora kuliko pipi.

Tahadhari

Asali ni neema na Qurani imeitaja kuwa ina ponyo kwa watu. Hata hivyo, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe hata kwa kulambishwa, kwani inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda. Karanga nzima nazo zisipewe watoto wadogo, maana humkaba mtoto kooni.

Kadhalika, karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe. Yasioshwe wala kusagwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi sumu hiyo. Kiporo kichemshwe upya hadi kitokote, na mikono ioshwe kwa sabuni, ya mlishaji na ya mtoto.

Neno kwa akina baba

Haya yote hayatatimia ikiwa tunamwachia mama peke yake. Baba anayeuza kuku watatu mnadani aseme na nafsi yake kabla hajafunga kamba: je, tetea mmoja hawezi kubaki, mayai yake yakawa ya watoto? Na siku ya Ijumaa kama leo, mtoto asingojeshwe hadi wakubwa warejee msikitini ndipo apakuliwe yaliyobaki. Apakuliwe kwanza, akae na mtu mzima, afundishwe Bismillahi, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha kijana Umar bin Abi Salama.

Watoto ni amana, na amana huulizwa. Tuanze na yai moja la kesho asubuhi.

Wabillahi tawfiq.