Kuhama nyumba: Gharama zinazosahaulika

WAPANGAJI wengi wa Dar es Salaam wanapofikiria kuhama, hesabu ya kwanza huwa ni ya gari. Kumbe gari ndiyo gharama ndogo. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, na dalali naye hutaka kodi ya mwezi mmoja. Fedha hizo hutolewa kwa mkupuo, kwa hiyo ni vema kutafuta nyumba mapema, ili tarehe ya kuingia ikaribiane na ile ya kuisha kwa kodi ya zamani.

Kabla ya kulipa, mpangaji aombe kuona ankara ya mwisho ya maji. Aliyeacha deni ameshaondoka. Maji yakikatwa, atakayehangaika na ndoo ni mgeni. Anakotoka nako asijaze umeme wa LUKU kwa wingi, kwani uniti zilizokwisha kuingizwa kwenye mita hubaki na nyumba.

Kuhusu usafiri, kirikuu huweza kumtosha mwenye vyumba viwili, hasa akiuza mapema makabati asiyoyahitaji. Bei ipatanwe kwa kazi nzima, wapagazi wa kupakia na kushusha wakiwamo, kabla kitanda hakijafunguliwa. Friji ikishakuwa juu ya gari, mteja hana tena nguvu ya kubishana. Na anayehama wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, aulizie turubai siku hiyo hiyo ya kupatana, maana godoro likilowa hakuna wa kulilipa.