Asili Yetu Tuiandike Wenyewe

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, akakirimiwa na Mfalme Rumanyika. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alidai kwamba asili ya watawala wa huku ni Uhabeshi, akiamua kwa sura zao. Dai hilo likarudiwa vitabuni miaka mingi. Hata ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza, yeye alilipa jina la malkia wake, Victoria.

Mwaka 1975 mwanahistoria Israel Katoke alichapisha historia ya Karagwe, akiyapa uzito masimulizi ya wazee. Njia ni hiyo. Twawasihi maofisa utamaduni wa Karagwe na Kyerwa, na ndugu zetu wa visiwani, wayaandike masimulizi hayo wazee wangali hai. Asiyejisimulia husimuliwa.