Gari la Yeni Laki Tisa

Kwenye fomu ya kutuma fedha nje ya nchi kuna mstari mdogo wenye vifupisho vitatu: OUR, SHA na BEN. Mnunuzi wa gari la Japani, aliyekaa mbele ya karani wa benki jijini Dar es Salaam na profoma, yaani ankara ya awali ya muuzaji, mkononi, mara nyingi huuruka. Siku chache baadaye muuzaji humwandikia kwamba fedha zimefika, lakini zimepungua dola 25, na hati ya shehena haitatumwa mpaka zitimie. Kuzitimiza ni kutuma TT nyingine, yaani uhamisho mwingine wa fedha kupitia benki, ambao ada yake huenda ikazidi hizo dola 25 zenyewe.

Zilikwenda wapi? Kwa kawaida benki ya Dar es Salaam haina akaunti kwenye benki ya muuzaji kule Yokohama. Dola hupitia benki wakala, aghalabu New York, na agizo lenyewe husafiri kwa mtandao wa SWIFT, ulioanzishwa Ubelgiji mwaka 1973. Kila benki ya njiani yaweza kukata chake. Ukichagua SHA, unalipa ada za benki yako tu, na makato ya huko mbele yanamwangukia mpokeaji. BEN humtwika mpokeaji yote. Profoma ikitaka kiasi kamili, weka alama kwenye OUR, inayokubebesha wewe ada zote, hata kama gharama yake iko juu.

Lakini ada si tundu kubwa. Tundu kubwa ni bei ya dola yenyewe.

Chukua gari la dola 6,000. Benki ikikuuzia kila dola kwa shilingi 50 juu ya kiwango cha soko, shilingi 300,000 zimeondoka, wala hazitaonekana kwenye risiti yoyote. Ada ya TT huandikwa, nayo watu huilalamikia. Hii haiandikwi, nao huilipa kimya kimya. Piga simu benki mbili tatu asubuhi hiyohiyo, uulize wanauza dola kwa bei gani. Tena kwa kiasi kikubwa kama hiki, kiwango kilichobandikwa ukutani si lazima kiwe cha mwisho: omba karani aulize idara ya hazina kama kuna nafuu. Inasikitisha kuona mtu aliyebishana siku tatu ili apunguziwe dola 100 na muuzaji akipoteza zaidi ya hizo dirishani, kwa kutouliza.

Ubadilishaji mwingine hufanyika Japani kwenyewe. Gari hununuliwa mnadani kwa yeni, kisha muuzaji huandika profoma kwa dola kwa kiwango anachokipanga yeye. Gari la yeni 900,000 ni dola 6,000 ikiwa dola moja ni yeni 150. Akitumia 145, linakuwa dola 6,207. Kwa hiyo ni haki kumuuliza bei ya yeni na kiwango alichotumia.

Na siku ya kulipa nayo ina uzito wake. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa karibu yeni 103. Julai 2024 ilipita 161, yeni ikiwa dhaifu kuliko wakati wowote tangu 1986. Wakenya waliyaona hayo kwa shilingi yao: Januari 2024 dola ilifika takriban shilingi 160, wengi wakihofia deni la serikali la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni. Februari serikali ilipata mkopo mpya wa kulipunguza, na miezi michache baadaye dola ilikuwa karibu 130. Gari la dola 6,000 lilishuka kutoka shilingi 960,000 hadi 780,000 bila muuzaji kupunguza hata senti. Hakuna awezaye kuotea siku kama hizo, ila profoma hutaja tarehe yake ya mwisho, na ndani ya muda huo mnunuzi ana nafasi ya kununua dola kidogo kidogo badala ya zote kwa mkupuo.

Kabla ya kutia sahihi, namba ya akaunti isomwe tena. Matapeli huingia katika barua pepe za wauzaji, wakatuma profoma ileile, nembo ileile, akaunti tofauti, pengine ya nchi nyingine kabisa. Jina la mwenye akaunti lilingane na la kampuni, na mabadiliko yoyote yathibitishwe kwa simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa kwenye barua mpya. TT ikishapokelewa upande wa pili, benki yako haiwezi kuirudisha bila ridhaa ya aliyeipokea.