Tumpime Mtoto, Tusipime Chungu

Mtoto wa darasa la pili amefinyanga chungu darasani, kikaenda upande. Mwenzake ameleta chungu laini alichofinyangiwa na mama yake nyumbani. Mwalimu akimpa huyu wa pili alama nyingi zaidi, amempima mama, wala hakumpima mtoto.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikataa mtihani wa mwisho uwe kipimo pekee cha mwanafunzi. Lilitaka kazi zake za kila siku nazo zihesabiwe. Busara hiyo yafaa sana katika somo la sanaa. Huko Leuven, Ubelgiji, mtaalamu Ferre Laevers alitunga kipimo chenye ngazi 5 cha kutazama jinsi mtoto mdogo anavyozama katika shughuli yake. Je, macho na mawazo yake yametulia juu ya kazi? Ufa ukitokea, anauziba au anasusa? Anabuni lake, au anarudia tu alilolizoea?

Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kuwatazama wote kwa siku moja. Basi achague watoto watano kila kipindi, awatazame kwa dakika chache, na aandike daftarini alichokiona. Akimkuta aliyezubaa, asiharakishe kumlaumu. Kwanza ajiulize kama udongo ulitosha, na kama kazi yenyewe haikuwa nyepesi mno au nzito mno. Mara nyingi kasoro imo katika maandalizi yetu sisi wakubwa.

Wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji. Chungu kilichopinda chaweza kufinyangwa upya kesho. Moyo wa mtoto uliovunjwa kwa alama isiyo ya haki haufinyangwi upya kwa wepesi huo.